Maradhi ya Wasiwasi si Uzembe: Mashine ya Sumaku Itakuta Nini Nyanda za Juu?



Katika ofisi nyingi na katika shule nyingi wapo watu ambao wenzao huwaita wazembe, wachelewaji au wenye maringo ya usafi, kumbe watu hao ni wagonjwa. Karani hufunga mlango wa ofisi saa tisa na nusu alasiri, akafika barabarani, akarudi kukijaribu kitasa. Akafika tena barabarani, akarudi tena, hata jua likazama naye yungali pale. Mhasibu huhesabu fedha zilezile mara kumi, si kwa kuwa anashuku wizi, bali kwa kuwa moyo wake haukubali kwamba zimetimia. Mwanafunzi wa kidato cha pili huandika sentensi, akaifuta, akaiandika upya, mpaka karatasi inatoboka na muda wa mtihani unakwisha kabla hajavuka swali la pili. Mwisho wa muhula ripoti yake husema: mvivu.

Madaktari wanayaeleza maradhi hayo kuwa ni ya mawazo sumbufu na matendo ya kurudiwarudiwa. Lakini Kiswahili kilikuwa na jina tangu zamani. Jina hilo ni wasiwasi. Neno lenyewe limetoka katika Kiarabu, na katika miji ya pwani mtu wa wasiwasi ni yule anayetawadha, akaona udhu haujatimia, akaanza upya, hata sala ya jamaa ikampita. Mwanachuoni Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya afya ya mwili na ya nafsi, akaeleza humo mawazo yanayomng'ang'ania mtu bila ridhaa yake. Kwa hiyo jambo hili si ugonjwa wa kigeni ulioletwa na vitabu vya Ulaya. Ni taabu ya binadamu, nayo imejulikana zaidi ya miaka elfu moja.

Yafaa kutofautisha. Kila mtu mwangalifu hukagua kufuli, na kila mpishi msafi hunawa mikono. Huo si ugonjwa. Ugonjwa huanza pale wazo linapomvamia mtu asipolitaka, likamtia hofu kubwa, na yeye akawa hana namna ya kuituliza hofu hiyo isipokuwa kwa tendo fulani: kunawa, kuhesabu, kukagua, kupanga vitu, kurudia sala moyoni. Tendo hilo humpa nafuu ya dakika chache tu. Kisha wazo hurudi na kudai malipo yaleyale, na mara nyingi hudai zaidi. Saa nzima au zaidi katika siku hupotea hivyo. Na lililo chungu kuliko yote ni kwamba kwa kawaida mgonjwa mwenyewe anajua kuwa tendo lake halina maana. Akili yake haikupotea. Ndiyo sababu huona haya, akaficha, na maradhi yakakomaa kimya kimya kwa miaka.

Taarifa za nchi mbalimbali zinaonyesha kwamba katika kila watu 100, kati ya mmoja na watatu hupatwa na maradhi haya wakati fulani wa maisha yao. Mara nyingi huanza utotoni au katika ujana. Maana yake ni kwamba mtu wa kwanza mwenye nafasi ya kuyaona, baada ya mzazi, si daktari wala mganga. Ni mwalimu.

Sasa habari za mashine. Katika miaka ya karibuni magazeti na redio za dunia zimeeleza juu ya tiba ya kuuchochea ubongo kwa nguvu ya sumaku. Wapo walioisikia wakadhani ni muujiza, na wapo walioisikia wakadhani ni utapeli wa mijini. Si muujiza wala si utapeli. Kanuni yake inafundishwa katika somo la fizikia katika kila shule ya sekondari ya Nyanda za Juu.

Mwaka 1831 Michael Faraday, mwanasayansi wa Uingereza, alithibitisha kwamba nguvu ya sumaku inapobadilika karibu na waya, umeme huzaliwa ndani ya waya huo. Dainamo ya baiskeli huwasha taa kwa kanuni hiyo. Mitambo ya Mtera, mpakani mwa Iringa na Dodoma, hufua umeme kwa kanuni hiyohiyo kutokana na maji ya Ruaha Mkuu. Mwaka 1985 Anthony Barker na wenzake wa Sheffield, Uingereza, waliitumia kanuni hiyo juu ya kichwa cha binadamu. Waliweka koili ya waya wa shaba juu ya fuvu, wakapitisha humo mkondo mkubwa wa umeme kwa muda mfupi mno, chini ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Sumaku ikazaliwa ghafla na kutoweka ghafla, ikapenya ngozi na mfupa bila kujeruhi, na ndani ya ubongo ikazalisha umeme mdogo. Walipoiweka juu ya sehemu ya ubongo inayotawala mkono, vidole vya mtu huyo vilitikisika bila yeye kuviamuru.

Hapo ndipo matabibu walipouliza: kama sumaku inaweza kukigusa kidole kwa kupitia ubongo, je, haiwezi kuigusa huzuni, au hofu? Idara ya Marekani inayosimamia dawa na vifaa vya tiba iliruhusu mashine ya namna hii itumike kwa wagonjwa wa sonona mwaka 2008. Mwaka 2018 iliruhusu mashine yenye koili inayofika ndani zaidi itumike kwa wagonjwa wa wasiwasi.

Sababu ya kutazamia msaada huo ni hii. Katika ubongo ipo njia ya mzunguko inayounganisha sehemu za mbele na viini vilivyo ndani kabisa. Sehemu ya kazi yake ni kupiga kengele ya hatari, na kuizima hatari ikipita. Kwa mwenye maradhi ya wasiwasi mzunguko huo hufanya kazi kupita kiasi. Mlango umefungwa, macho yameona, mkono umeshika, lakini kengele inaendelea kulia, mithili ya kengele ya shule ambayo mpigaji amekataa kuiacha. Mapigo ya sumaku, yakirudiwa kwa mpangilio siku baada ya siku, yanakusudiwa kuubadili mwendo wa mzunguko huo.

Tiba hii isichanganywe na ile ya mshtuko wa umeme, ambayo humfanya mgonjwa apate degedege akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi. Katika tiba ya sumaku mgonjwa huketi kitini akiwa macho, amevikwa kofia yenye koili, akisikia mlio wa kugongagonga. Kabla ya mapigo kuanza, huchokozwa kidogo kwa lile jambo linalomtia wasiwasi, ili mzunguko uwe unafanya kazi wakati sumaku inapougusa. Akimaliza huinuka na kwenda zake.

Je, inasaidia? Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulihusu wagonjwa 99 katika vituo 11. Baadhi walipewa tiba ya kweli, na wengine mashine ya bandia iliyolia vilevile lakini bila nguvu ya kuutibu ubongo. Walihudhuria mara 29 katika wiki 6. Mwishoni, asilimia 38 ya waliopata tiba ya kweli walikuwa na nafuu ya maana, yaani alama za ugonjwa zilipungua kwa asilimia 30 au zaidi. Kwa waliopata tiba ya bandia, walikuwa asilimia 11.

Tarakimu hizo zisomwe kwa uaminifu. Zinasema tiba ina nguvu ya kweli, maana tofauti ya 38 na 11 si ndogo kwa watu ambao matibabu ya awali hayakuwatosha. Lakini zinasema pia kwamba zaidi ya nusu ya waliotibiwa hawakufikia kiwango hicho cha nafuu. Tena kuna jambo ambalo habari za magazetini hulisahau: wagonjwa wale hawakutolewa barabarani. Walikuwa wamekwisha kutambuliwa ugonjwa wao, na walikuwa wakiendelea na dawa au na matibabu ya mazungumzo. Hata ruhusa ya mwaka 2018 iliitaja mashine kuwa ni nyongeza ya matibabu mengine. Kwa maneno mengine, mashine ilikuwa paa. Kuta na msingi vilitangulia.

Hapa ndipo swali linapofika Mbeya na Iringa. Likinunuliwa paa hilo likaletwa, litawekwa juu ya kuta zipi?

Wapo watakaosema mazungumzo haya ni anasa. Kwamba nchi yenye zahanati zisizo na gari la wagonjwa haina haja ya kuzungumzia sumaku za ubongo. Hoja hiyo ina uzito, lakini haina kumbukumbu. Dawa za kupunguza makali ya Ukimwi nazo zilisemwa kuwa ni za nchi tajiri. Kuanzia mwaka 2004 serikali ilianza kuzitoa bila malipo, na mikoa hii ya kusini, ambayo ilikuwa imeumizwa vibaya na gonjwa hilo, ilipata kuona watu waliokuwa wamekatiwa tamaa wakirudi shambani na darasani. Umaskini si sababu ya kukataa maarifa. Lakini somo la pili la dawa zile ni muhimu vilevile: zilimfaa yule aliyekwisha kupimwa. Aliyekaa nyumbani akiogopa kutajwa hazikumfikia, hata zilipokuwa bure. Kipimo kilitangulia dawa, na ujasiri wa kusema ulitangulia kipimo.

Kwa maradhi ya wasiwasi, kipimo chenyewe hakihitaji umeme. Mwaka 1989 wataalamu wa Marekani walitunga dodoso la maswali 10, lenye alama kutoka 0 hadi 40. Linauliza ni muda gani mawazo humla mtu kwa siku, yanamzuia kazi kiasi gani, na anaweza kuyapinga kwa kiasi gani. Karatasi, kalamu na tabibu aliyefundishwa vinatosha.

Matibabu ya kwanza nayo hayahitaji umeme. Mwaka 1966 mwanasaikolojia Victor Meyer wa London alichapisha taarifa ya wagonjwa wawili waliosaidiwa kwa njia ambayo leo imekuwa nguzo ya tiba hii. Mgonjwa, kwa hiari yake na kwa hatua ndogo ndogo, hukabili kile kinachomtisha, kisha hujizuia kufanya lile tendo la kujituliza. Anayeogopa uchafu hugusa kitasa, akakaa bila kunawa. Hofu hupanda, ikamtoa jasho. Lakini asipoilisha, hushuka yenyewe. Akirudia zoezi hilo siku nyingi, moyo hujifunza kwamba kengele ilikuwa ya uongo. Mashariti yake ni subira na mwelekezaji aliyesomea kazi hiyo. Chuo Kikuu cha Iringa hufundisha ushauri nasaha wa kisaikolojia. Vijana wanaotoka huko wanaweza kufundishwa njia hii wakaipeleka wilayani.

Ziko pia dawa. Klomipramini imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani kwa ajili ya maradhi haya, na dawa nyingine kama fluoksetini hutumika pia. Jambo ambalo mgonjwa na jamaa zake lazima waambiwe tangu siku ya kwanza ni kwamba dawa hizi hazina haraka. Huhitaji wiki 8 hata 12 kabla ya kupimwa kama zimefaa, na mara nyingi kwa kipimo kikubwa kuliko kile cha sonona. Mgonjwa asiyeambiwa hivyo huziacha wiki ya tatu, akasema hospitali imeshindwa, akaenda kuuza ng'ombe amlipe mpiga ramli. Daktari ndiye wa kuzipanga na kuzibadili. Jirani asiziazime kwa jirani.

Iko sababu nyingine ya kutanguliza msingi, nayo ni ya Nyanda za Juu hasa. Hatari kubwa ya tiba ya sumaku, ingawa hutokea mara chache sana, ni kumletea mtu kifafa cha ghafla. Kwa hiyo mwenye historia ya kifafa, na mwenye chuma kichwani, huchujwa kwanza. Nyanda hizi ni nchi ya ufugaji wa nguruwe, na uchunguzi uliofanywa Mbozi, wilaya iliyokuwa ya Mbeya kabla ya Mkoa wa Songwe kuanzishwa mwaka 2016, umethibitisha kuwapo kwa tegu wa nguruwe. Mayai ya tegu huyo, yakimezwa na mtu kwa chakula au mikono iliyochafuliwa na kinyesi, huweza kuota vifuko ndani ya ubongo, na vifuko hivyo ni chanzo kinachojulikana cha kifafa. Basi yeyote atakayesimika mashine hiyo Mbeya hana budi kuuliza habari za kifafa kwa makini kuliko anavyouliza mwenzake wa Chicago. Na anayechimba choo, anayefungia nguruwe wake bandani na mkaguzi wa nyama anayekataa kupokea chauchau, wote wanafanya kazi ya afya ya ubongo, hata kama hawajui.

Vilevile mahudhurio 29 katika wiki 6 ni karibu kila siku ya kazi. Mwananchi wa Kyela au Chunya hawezi kwenda Mbeya mjini na kurudi kila siku, wala wa milima ya Kilolo hawezi kushuka Iringa mjini kila asubuhi. Atahitaji mahali pa kulala, ruhusa ya mwajiri na mtu wa kumtunzia shamba. Asiyepanga hayo amenunua mashine ya wakazi wa mjini peke yao.

Nchi hii haianzi njia gizani. Hospitali ya Mirembe ya Dodoma imekuwapo tangu mwaka 1927, na kwa miongo mingi wagonjwa wa akili wa mikoa ya kusini walipelekwa huko, mbali na ndugu zao. Baada ya uhuru vilianzishwa vijiji ambamo wagonjwa waliishi, walilima na kurudia heshima yao. Katika miaka ya 1980 ulifanywa mpango, ulioanzia Morogoro na Kilimanjaro, wa kuipeleka huduma ya akili katika zahanati na vituo vya afya, ili asiwepo anayelazimika kusafiri mamia ya kilomita kutafuta sikio. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 ikafuata. Fikra ni moja: tiba imfuate mtu aliko. Leo Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya inahudumia Nyanda za Juu Kusini, na mjini humo kipo kituo cha utafiti wa tiba cha NIMR ambacho kimezoea kupima tiba mpya kwa utaratibu wa kisayansi katika kazi zake za Ukimwi na kifua kikuu. Uwezo wa kuipima mashine ya sumaku kabla ya kuimeza habari yake upo. Ikija, na ije kwa njia hiyo.

Lakini ofisi na shule hazina haja ya kungoja mashine. Wajibu wao unaanza kesho asubuhi.

Mwalimu anayemwona mtoto akifuta na kuandika, akinawa mpaka mikono imechubuka, au akichelewa kila siku kwa sababu asizoweza kuzitaja, aweke fimbo chini na aulize kwa faragha. Swali liwe jepesi: je, kuna wazo linalorudi usilolitaka? Je, kuna jambo unalolazimika kulifanya ili utulie? Mtoto aliyekuwa akidhani ni yeye peke yake duniani mwenye taabu hiyo atapumua. Kisha mzazi aitwe, na safari ya hospitali ianze. Kumwamuru mgonjwa wa wasiwasi "acha!" ni sawa na kumwamuru mwenye malaria aache kutetemeka.

Mkuu wa kazi naye, kabla hajaandika barua ya onyo kwa mtumishi hodari ambaye mafaili yake yamekwama mezani, achunguze yamekwama kwa nini. Anayechelewesha kazi akicheza bao chini ya mwembe ana dawa yake katika kanuni za utumishi. Anayechelewesha kazi kwa kuwa ameisoma barua moja mara 40 akitafuta kosa lisilokuwapo, dawa yake iko hospitali. Mkuu asiyejua kuwatofautisha hao wawili atalipotezea Taifa mtumishi ambaye lilimsomesha kwa gharama.

Na jamaa nyumbani wajifunze jambo moja gumu. Mgonjwa akiuliza mara ya kumi, "Je, nimefunga mlango?", huruma humwambia mwenziwe ajibu, "Umefunga, lala." Jibu hilo humtuliza kwa dakika tano, kisha huulisha ugonjwa. Lililo bora, kwa mapatano na mshauri wa tiba, ni kusema kwa upole: "Najua inakuuma, lakini swali hili tulikubaliana nisilijibu tena." Asifanyiwe hivyo kwa ukali wala kwa dhihaka. Kadhalika asihukumiwe kuwa amerogwa au amepagawa, maana hukumu hiyo humwongezea hofu mtu ambaye hofu ndiyo maradhi yake. Padri, mchungaji na shehe wanaoendewa na muumini anayetubu dhambi ileile kila siku, ingawa imekwisha kusamehewa, wanaweza kuwa wa kwanza kumwelekeza kwa tabibu, na imani haitapungukiwa na chochote.

Ndugu wasikilizaji, siku mashine ya sumaku itakapopanda barabara kuu kupita Kitonga kuelekea nyanda hizi, itapimwa kwa swali moja: imekuta nani anangoja? Ikikuta watumishi wamekwisha kufukuzwa kazi, watoto wamekwisha kuacha shule kwa jina la uvivu, na wagonjwa wamefichwa vyumbani, itakuwa pambo la hospitali. Ikikuta walimu wanaouliza, matabibu wanaopima, washauri waliofunzwa na dawa zisizokatika, itamfaa yule mmoja ambaye hayo yote hayakumtosha. Naye, ndugu zangu, ndiye iliyetengenezewa.